Mawingu ya Julai

Kinu nambari nne kilikufa Jumanne, saa tisa usiku,
katika kiwanda cha unga, Barabara ya Lunga Lunga.
Tulipokifungua tukakuta beringi imelika upande mmoja
kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea.
Wafubwa, fundi wa zamu, akanitazama:
"Injinia, hiyo kompyuta yako ilikuwa imelala?"

Haikuwa imelala. Ilikuwa haijafundishwa.

Basi nikabandika vihisi sita kwenye mbavu za chuma,
nikavuna mtetemo miezi kumi na minne,
mahindi ya Kitale na mahindi ya meli,
umeme ukiwepo, jenereta ikinguruma.
Sikuiambia modeli kanuni hata moja ya chuma.
Nilisema tu: tazama. Hivi ndivyo uzima unavyotetema.
Na hivi, kabla ya kukoma.

Ikajifunza. Wiki ya kwanza ikapiga king'ora
kila jioni, saa kumi na mbili na dakika tano.
Tukafungua, tukapaka grisi, tukafunga.
Mpaka Wafubwa, kikombe cha chai mkononi,
akanyosha kidole kuelekea relini.
Vinu viwili vya mwaka ule vilikufa jioni, treni ya Embakasi ikipita;
modeli ikaamini treni ndiyo muuaji.
Haikujua ugonjwa. Ilijua ratiba.

Nikasahihisha. Mwezi wa tatu ikanong'ona:
kinu cha pili, siku kumi na moja.
Tukabadilisha beringi siku ya tisa.
Ile ya zamani iko mezani kwangu, inazuia karatasi zisipeperuke.

*

Sasa niko Jericho, nyumbani kwa mama,
na kichwa cha mdogo wangu Nzioka kina nyaya ishirini na moja.
Hospitali imetukopesha kofia hii kwa wiki sita.
Mistari inatembea kwenye skrini
kama watoto wanaotoka shule, kila mmoja na fujo yake;
halafu, mara chache, wote wanashika hatua moja,
kushoto, kulia, kushoto,
na hapo ndipo anapoanguka.

Sikuwa nimejua. Afya ni fujo.
Gwaride ndilo maradhi.

Nimemtengenezea modeli, binamu wa ile ya kiwandani,
hesabu zile zile, damu badala ya grisi.
Jumapili ilinishtua saa saba mchana;
nikakimbia jikoni na mto wa kuwekea kichwa,
nikamkuta ananyonya uboho wa mfupa wa mbuzi.
Modeli ilikuwa inasoma taya.

Dalili ya mvua ni mawingu, tuliambiwa.
Aliyesema hakuwahi kuishi Julai ya Nairobi,
mawingu yamekaa juu ya Makadara mwezi mzima
kama mgeni asiyevua koti,
na tone hakuna.

Jana usiku imesema: asilimia sitini na mbili,
ndani ya saa thelathini.
Nimetafuta taya. Nimetafuta treni. Sijaona.
Nikamuuliza, ungependa kujua inachosema?
"Kile kinu chako," akasema, "uliwahi kukiuliza?"

Sikuwahi.

"Basi andika kwenye karatasi, ikunje,
iweke chini ya sahani yangu. Nikimaliza kula nitaamua."

Nimeandika namba, nikaifuta, nikaiandika tena
maana sitini na mbili si ndiyo, wala si hapana,
na mtu hawezi kuanguka asilimia sitini na mbili.

Anakula polepole kuliko siku zote.
Mama anauliza kama maharagwe yamezidi chumvi.
Mimi nimesogeza stuli, nimehamisha chupa ya chai,
nimezifunga pembe za meza kwa leso,
bila kusema neno.

Ameniona. Ametazama leso, ametazama sahani,
amechota kijiko kingine.
Kwenye skrini mistari inaruka.
Taya, najiambia. Ni taya tu.